Pafu la Mfuga Ndege: Kovu Linavyojengeka

ZUWENA: Karibuni. Leo tuko na ugonjwa wa mapafu wa wafuga ndege. Daktari Hamisi, njiwa anaharibuje pafu la mtu?

HAMISI: Tatizo ni protini, dada Zuwena. Zimo kwenye kinyesi chake na kwenye ule unga laini wa manyoya. Ukiuvuta unafika hadi kwenye vifuko vya hewa. Wengi hawadhuriki, ila kwa wachache kinga ya mwili inauchukulia kama adui. Charles Reed na wenzake waliueleza ugonjwa huu kwa wafugaji wa njiwa Marekani mwaka 1965.

ZUWENA: Mtu anapata homa?

HAMISI: Kwa ule wa ghafla, ndiyo. Homa, kutetemeka na kikohozi, muda wa saa 4 hadi 8 tangu asafishe banda. Ninayemhofia zaidi ni mwenye kasuku mmoja sebuleni. Anauvuta unga huo kidogo kidogo kila siku, homa hana, ila pumzi inampungukia mwaka hadi mwaka.

ZUWENA: Na kipande cha pafu lake ukikitazama kwa hadubini?

HAMISI: Mwanzoni limfosaiti, yaani seli za kinga, zimejazana kuzunguka vijia vidogo vya hewa, na kuna graniuloma, yaani vinundu vya seli za kinga, ndogo, zilizolegea. Hapo lazima nitulie, maana kifua kikuu nacho huleta graniuloma. Za kifua kikuu kwa kawaida zimeshikamana vizuri na katikati tishu imekufa. Hizi za ndege hazina tishu iliyokufa. Kisha linakuja kovu. Linaanzia kandokando ya vijia vile, lingine linajengeka pembezoni, hadi yanakutana. Kuta za vifuko zinakuwa nene, oksijeni inapita kwa shida. Mwishowe yanabaki mashimo kama sega la nyuki. Na wakati huo graniuloma mara nyingi hazionekani tena!

ZUWENA: Ushahidi umepotea?

HAMISI: Umepotea, na pafu linafanana mno na lile lenye makovu yasiyojulikana chanzo. Hadubini peke yake haitoshi. Lazima mgonjwa aulizwe: unafuga ndege? Jirani je? Mto na duveti, lile shuka nene la kujifunika, vina manyoya ndani? Japani wamewaona wagonjwa wa duveti.

ZUWENA: Na dawa? Predinisoloni, ile ya kutuliza uvimbe, haiondoi kovu?

HAMISI: Haiondoi, inatuliza uvimbe tu. Dawa nyingine, nintedanibu, nayo inapunguza kasi ya kovu linaloendelea kuenea. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2020, wa vyama vya wataalamu wa mapafu vya Marekani, Japani na Amerika ya Kilatini, unaugawa ugonjwa kwa kuangalia kama kovu lipo au halipo. Naafiki kabisa, kwa sababu kovu ndilo linaloamua mgonjwa ataishije.

ZUWENA: Na kasuku? Watu wanawapenda kama watoto wao.

HAMISI: Najua, na inaniuma kumwambia mtu aachane na ndege wake. Lakini kumhamishia barazani hakutoshi. Atafutiwe nyumba nyingine, kisha mazulia na mapazia yasafishwe na mtu mwingine, mgonjwa asiwepo. Protini zile hubaki ndani kwa miezi mingi baada ya ndege kuondoka.