Tupime miti Arabuko-Sokoke, na visiki pia

Salaam aleikum watu wangu, leo tuko hapa Gede, mwendo mfupi tu toka Malindi mjini, na nyuma yangu ndiyo Arabuko-Sokoke yenyewe, kama kilomita mraba 420, msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Wengi mmeniuliza watu wa utafiti hujuaje msitu unapungua ama unarudi, basi leo twapima pamoja.

Kabla hujaingia pitia ofisi ya KFS, Shirika la Misitu la Kenya, uchukue ruhusa, na uingie na skauti wa msitu, manake humu mna ndovu, hilo si la kubishana.

Beba kamba, vigingi vinne, tepu ya fundi cherehani, chaki, daftari na penseli. Penseli jamani, wino ukilowa kazi yote imekwenda.

Haya, ploti, yaani kipande cha msitu tutakachokipima, ni mita 20 kwa 20. Pigilia vigingi kwenye pembe zote nne, halafu vuta kamba toka pembe hadi pembe inayoikabili, zote mbili zije mita 28 na sentimita 28, zikitofautiana ploti imepinda, rudia. Na usichague mahali kwa vile pana kivuli! Weka pointi kwenye ramani ukiwa bado nyumbani, ukifika pima hapohapo hata kama ni miiba mitupu.

Sasa mti. Tunapima mzingo mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Oneni hapa, huyu ni mrihi, ana mtambaazi umemzunguka, sikati, napitisha tepu chini yake, tepu inyooke isilale upande. Mzingo gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Shina likigawanyika chini ya hapo kila tawi pima lake. Tia chaki usije ukahesabu mara mbili, na mti usioujua andika jina la Kigiriama atakalokwambia skauti, piga picha ya jani, usibahatishe.

Ukiona majani yamerundikwa chini kama mtu amefagia, zunguka, usikanyage, huenda ni kiota cha sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, yule wa makalio ya dhahabu, na msitu huu ndio ngome yake kubwa.

Visiki sasa, na hapa ndipo wengi huruka. Mimi nasema ploti isiyoandikwa visiki vyake ni nusu ya habari, manake mti uliosimama hauwezi kukwambia jirani yake alienda wapi. Mtazame huyu muhuhu, mti wa wachongaji vinyago. Mchwa hawauwezi, kwa hiyo kisiki chake hukaa miaka na miaka, usidhani kila kisiki kimekatwa juzi. Kwangua kidogo na kisu unuse: kipya kina rangi ya manjano na harufu nzuri, cha zamani juu kimeshakuwa kijivu. Andika kipenyo, urefu, kipya ama cha kale, na kama kinachipua.

Ukirudi nyumbani, usiku huohuo piga picha kila ukurasa wa daftari, na pointi za vigingi zihifadhi mahali pawili, mwakani lazima uirudie ploti hiihii.