Kumkemea Mtu Mbele za Watu

OKELLO: Zaituni leo kaingia studio hata salamu hajamaliza. Haya nyabo, sema.

ZAITUNI: Jumatano, ghalani Namanve, kule kwenye viwanda nje ya Kampala, chai ya saa nne. Msimamizi mmoja wa zamu yangu akamfokea karani mbele ya madereva na vijana wa kupakia, kisa nambari mbaya kwenye karatasi ya mzigo. Karani kimya. Nilijua ameumia, kwa sababu katogo, yale matoke ya kupikwa pamoja na mboga yake, ilipoletwa hakuigusa.

OKELLO: Katogo ya nini?

ZAITUNI: Ya matumbo.

OKELLO: Labda hapendi matumbo! Ingekuwa ya karanga...

ZAITUNI: Anakula matumbo kila siku, Okello. Nimekaa naye meza moja, najua. Kikaoni ukiuliza nani ana shida, wote watakujibu “hakuna, madam”. Mezani ndipo utamwona aliyeshindwa kumeza.

OKELLO: Kwa hiyo bosi lazima ale na watu wake?

ZAITUNI: Lazima.

OKELLO: Hata katogo ya maharage?

ZAITUNI: Hata hiyo!

OKELLO: Sisi wa Lira katogo tumeikuta huku Kampala, lakini ya maharage mimi... Haya, ukafanyaje?

ZAITUNI: Nikamwambia msimamizi palepale, “Ssebo, hapo umezidi. Mwenzetu hasemeshwi hivyo.”

OKELLO: Mbele ya wote?

ZAITUNI: Wote.

OKELLO: Hapo sikubali. Sasa wenye aibu wamekuwa wawili. Ungemwita pembeni. Kesho atawaamrisha vijana walewale kwa uso gani?

ZAITUNI: Na karani je? Avunjiwe heshima hadharani, arudishiwe kwa siri?

OKELLO: Daniel Goleman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeieneza hii habari ya akili ya hisia kwa kitabu chake cha 1995, anataka kwanza uitambue hisia yako, kisha uimudu. Wewe ulikuwa na hasira.

ZAITUNI: Nilikuwa nayo, na niliijua. Sikupaza sauti, sikumtukana. Kuimudu hasira si kufunga mdomo. Hata Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mwenzake atakayemchagua mwenyewe awepo. Anayefukuzwa anasikilizwa, seuze mwenye kosa la nambari?

OKELLO: Umeijenga hoja yangu! Msimamizi ulimsikiliza kabla ya kumkata kauli?

ZAITUNI: Baadaye, ofisini. Kumbe dereva alikuwa ametishia kuondoka na gari tupu, msimamizi akachanganyikiwa.

OKELLO: Baadaye! Ungemwita pembeni, hilo ungelijua kwanza.

ZAITUNI: Na zile dakika zote vijana wangejifunza kuwa kufokeana hapa ni ruksa. Wale wapya ndio wananitia wasiwasi zaidi. Wanaiga wanachokiona siku za mwanzo.

OKELLO: Wangeona pia kiongozi anayewalinda wasaidizi wake.

ZAITUNI: Nimlinde dhidi ya nini, ukweli?

OKELLO: Dhidi ya macho ya watu, Zaituni. Mtu mzima yule.

ZAITUNI: Karani naye ni mtu mzima.

OKELLO: Fundi ananionyesha dakika moja. Na zile hatua tano tulizoziandika kwa kipindi cha leo?

ZAITUNI: Tumegusa mbili. Mama wa Mbale aliyeuliza jinsi ya kuongoza wafanyakazi waliokuzidi umri, utusamehe, wiki ijayo tunaanza na wewe.

OKELLO: Mimi bado nasema pembeni.

ZAITUNI: Mimi palepale. Fundi, zima.