Akaunti imebadilika, PATH imebaki ileile

Mabibi na mabwana, tuanze na hitilafu yenyewe. Umeingia kwenye seva kwa akaunti ya kawaida, ukaandika `su`, amri ya kubadili mtumiaji, ukatoa nenosiri la msimamizi, kisha ukaita `adduser` ili kuongeza mtumiaji. Jibu: amri haikupatikana. Programu ipo, tena ipo `/usr/sbin`. Ila `su` tupu imebadilisha mtumiaji tu. PATH, yaani orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa, ni ileile uliyokuja nayo, na `/usr/sbin` haimo. Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kero hii ilianza toleo la 10, mwaka 2019, `su` ya zamani ilipoachwa ikachukuliwa ile ya util-linux, mkusanyo wa zana za Linux.

Dawa ni kistari: `su -`. Hapo Bash, programu inayopokea amri unazoandika, inaanza upya kama mtu anayeingia kwenye seva sasa hivi. Inasoma `/etc/profile`, kisha faili moja tu, lile la kwanza kupatikana kati ya `~/.bash_profile`, `~/.bash_login` na `~/.profile`. Kuweni macho hapo. Ukiunda `.bash_profile` mpya, `.profile` ya zamani haisomwi tena, na vigeu vilivyokuwamo (thamani zenye majina, kama PATH) vinatoweka bila onyo lolote. Bila kistari, mafaili hayo matatu hayaguswi. Kinachosomwa ni `~/.bashrc`.

`sudo`, inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, ni habari nyingine. Kwa kawaida inafuta karibu vigeu vyote, na mara nyingi PATH yake inatoka kwenye `secure_path` ndani ya `/etc/sudoers`, faili la mipangilio yake. Ndiyo maana kigeu ulichoweka punde kwa `export` hakionekani. Ukihitaji kigeu kimoja, kitaje kwa jina: `sudo --preserve-env=HTTP_PROXY`, ikifuatiwa na amri yako. Wengi hukimbilia `-E` inayobeba karibu kila kitu. Kwa maoni yangu huo ni uvivu, na takataka zote za akaunti yako zinahamia kwa msimamizi.

Tena msipime kwa `sudo echo $PATH`. Alama ya dola inafasiriwa na Bash yako kabla `sudo` haijaanza, kwa hiyo unasoma PATH yako mwenyewe. Andikeni `sudo printenv PATH`.

Kama tatizo ni la huduma inayoendelea kufanya kazi, tazama mazingira, yaani vigeu, iliyoanza nayo; weka namba ya mchakato badala ya 1234:

`sudo cat /proc/1234/environ | tr '\0' '\n'`

Huduma za systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, hazisomi `.profile` wala `.bashrc`, hata ukizihariri kutwa. Kigeu kiandikwe kwa `Environment=` au `EnvironmentFile=` kwenye faili la mipangilio ya huduma, kisha `systemctl daemon-reload`, halafu huduma iwashwe upya. `daemon-reload` peke yake haibadilishi mchakato ambao tayari unaendelea.