Dagaa wa Tanganyika: kundi moja au mengi?

Asanteni, ndugu wavuvi na wageni wetu. Kila Ziwa Tanganyika linapofungwa lisivuliwe, kama Tanzania ilivyofanya kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, swali huwa lilelile: tukianika nyavu Kigoma halafu wenzetu wa nchi nyingine wakawasha taa zao, tunamtunzia nani dagaa?

Ili kulijibu inabidi tujue kama dagaa wa ziwa lote ni kundi moja. Nikisema kundi, nina maana ya samaki wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe, kiasi kwamba wakimalizwa, wa kwingine hawaji kuziba pengo lao. Mpaka huo ukikosewa, kundi dogo linaweza kuteketea huku jumla ya mavuno ikipendeza kwenye karatasi. Mfano ni jodari wakubwa wa Atlantiki, waliochorewa mstari wa kuwagawa makundi mawili kwenye longitudo ya nyuzi 45 magharibi: huku wanaotagia Ghuba ya Mexico, kule wa Mediterania. Jodari wenyewe wanaupita watakavyo. Kijiwe kilichomo sikioni mwa samaki hutunza alama ya maji aliyokulia, na ndicho kilichofichua kuwa baadhi ya wanaovuliwa upande wa Marekani walizaliwa Mediterania.

Turudi ziwani kwetu. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa 2019 na 2020 hazikukuta dagaa wa kaskazini waliojitenga na wa kusini, ingawa ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Kuna jambo lililonifurahisha: katika utafiti wa 2020 samaki waligawanyika kweli, ila mgawanyo wenyewe ulikuwa wa madume na majike! Asiyekuwa mwangalifu angetangaza makundi mawili na kuyapangia sheria mbili. Kwa lumbu, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, kuna kipande cha kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) kilichopangika tofauti, na wingi wa kila mpangilio hubadilika kadiri unavyotoka kaskazini kwenda kusini. Ni tofauti ndogo, lakini ipo.

Kwa hiyo, kwa dagaa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zinavua samaki wa ukoo mmoja, na mimi naunga mkono tarehe moja ya kufunga kwa nchi zote nne.

Ila msiondoke hapa mkidhani vinasaba vimemaliza kazi. Wakihama wachache tu katika kila kizazi, damu inachanganyika na maabara haioni tofauti. Wachache haohao hawatoshi kujaza ghuba iliyokombwa. Ukoo unaweza kuwa mmoja, na bado Kipili, kusini, wakakaa misimu kadhaa bila dagaa huku Kibirizi, hapa Kigoma, wanapakia. Dagaa ni mdogo mno kumfunga alama na kumfuatilia, kwa hiyo tunabaki na vijiwe vya masikioni, majira ya kutaga, na daftari la mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Hilo la mwisho liko mikononi mwenu. Naomba BMU, vikundi vyenu vya kusimamia uvuvi mwaloni, ziandike mavuno ya kila mwalo peke yake, dagaa mbali na lumbu, na zitaje chombo kilivulia wapi. Takwimu zikishajumlishwa wilayani, hatuna njia ya kuzitenganisha tena.