Jalada la Gemu ya Uigaji: Tunaanza na Picha Ndogo Kuliko Zote

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutatengeneza, hatua kwa hatua, picha ya jalada la gemu ya uigaji itakayouzwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na mbele kidogo nitaeleza mabadiliko yanayohitajika kwa maduka ya itch.io na Google Play. Gemu ya mfano ni ya kubuni tu: mchezaji ni fundi mwenye gereji ndogo kando ya barabara, ambaye hupokea bodaboda zilizoharibika, hufungua injini, hubadilisha plagi na cheni, kisha hutumia malipo kupanua gereji yake. Tuiite Fundi Pikipiki. Ninatumia Krita, programu inayopatikana bure, lakini yote nitakayoyafanya yanawezekana pia kwenye GIMP au Photoshop.

Hatua ya kwanza haihitaji programu yoyote. Chukua karatasi uandike sentensi moja inayoeleza mchezaji anafanya nini, na sentensi hiyo iwe na kitenzi kinachochoreka. Katika gemu za mapigano, sura ya shujaa inaweza kutosha kumvuta mnunuzi. Lakini mnunuzi wa gemu ya uigaji ananunua kazi, na anachotaka kujua ni atakuwa nani na mikono yake itashughulika na nini. Ndiyo maana PowerWash Simulator na Euro Truck Simulator 2 zinaeleweka kabla hata hujaona video zake, kwani majina yenyewe yanataja kazi. Kwa mfano wetu, nimeandika: "Fundi anafungua injini ya bodaboda." Ningeandika kwamba hii ni gemu kuhusu maisha ya fundi na mtaa wake, ningekuwa nimesema kweli, lakini nisingekuwa na kitu cha kuchora.

Sasa tufungue Krita. Wengi huanza na picha kubwa na kuipunguza baadaye. Mimi nawashauri mfanye kinyume. Tengeneza turubai ya pikseli 462 kwa 174, ambacho ndicho kipimo cha jalada dogo la Steam. Duka lenyewe hutoa kutokana na picha hiyo nakala ndogo zaidi, ikiwemo ya pikseli 120 kwa 45, na hiyo ndiyo ambayo mtu anaweza kukutana nayo kwanza anapopitisha macho kwenye orodha ndefu. Kwa hiyo fungua mwonekano wa pili wa faili hiyohiyo, uuweke kwenye asilimia 26, na uuache pembeni mwa skrini muda wote wa kazi. Kila unapoongeza kitu kwenye turubai, tazama pembeni kwanza kabla ya kukipenda.

Katika hatua ya tatu tunachora kwa rangi tatu tu: nyeusi, kijivu na nyeupe. Tazameni jaribio hili la kwanza, ambalo nimeweka gereji nzima: pikipiki tano, rundo la matairi, wateja wawili kwenye benchi na kalenda ukutani. Kwenye turubai linavutia, lakini kwenye mwonekano wa pembeni vyote vimekuwa uji. Ninaifuta picha hiyo na kubakiza vitu viwili, yaani injini upande wa kushoto na mkono wenye spana unaoingia kutoka kona ya kulia. Injini inabaki kijivu, nyuma yake panakuwa peupe, na mkono unakuwa mweusi kabisa ili mstari wake wa nje usomeke mara moja. Kama gemu yako ni ya usimamizi, inayotazamwa kutoka juu, usijaribu kuonyesha mji mzima. Chagua jengo moja na mtu mmoja, uwakuze kupita kiasi unachodhani ni cha kawaida.

Hatua ya nne ni jina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo majalada mengi yanapoharibika. Jina la Fundi Pikipiki lina herufi 13 na nafasi moja. Tukiliandika kwenye mstari mmoja wenye upana wa pikseli 120, kila herufi inapata takriban pikseli nane, pamoja na mwanya wa pembeni yake, na hapo jina linasomwa kwa kukisia. Tukiligawa katika mistari miwili, neno refu lina herufi nane, hivyo kila herufi inapata karibu pikseli 15 za upana, na kila mstari unapata kama pikseli 20 za urefu. Sasa angalieni tofauti nyingine. Nikiandika "pikipiki" kwa herufi ndogo, mguu wa p unashuka chini na shingo ya k inapanda juu, hivyo kiwiliwili cha kila herufi kinabaki na nusu tu ya urefu wa mstari. Nikiandika kwa herufi kubwa, PIKIPIKI, herufi zote zinajaza mstari wote. Najua wapo watakaotaka kugeuza nukta za i kuwa nati ndogo, na wazo hilo ni zuri kwenye karatasi, lakini jina hili lina i tano, na nati tano kwenye picha ya ukubwa huu ni vumbi tu. Tumia fonti nene, uizungushie mstari mweusi, na uliache jina lijaze karibu jalada dogo lote. Mkono na injini vitaonekana nyuma yake na kandokando, na hiyo si hasara, kwa sababu picha itapata nafasi yake kwenye vipimo vikubwa.

Tukishamaliza umbo ndipo tunaingiza rangi. Kurasa za Steam zina rangi ya buluu iliyokolea, kwa hiyo jalada lenye kingo nyeusi huyeyuka ndani ya ukurasa. Nilitaka nyuma pawe na vumbi jekundu la barabarani, lakini mkono wa kahawia juu ya vumbi la aina hiyo unapotea. Ukiondoa rangi kwa muda na kuacha kijivu, utaona vyote viwili vina mwanga uleule. Nimeweka badala yake ukuta wa buluu hafifu uliopauka kwa jua, na mkono umejitokeza papo hapo.

Hatua ya sita ni vipimo vingine. Jalada la juu ya ukurasa ni 920 kwa 430, jalada kuu ni 1232 kwa 706, la wima ni 748 kwa 896, na la maktaba, yaani orodha ya gemu ambazo mtu tayari anazo, ni 600 kwa 900. Usikate picha moja kutosheleza zote. Weka mkono, injini, ukuta na jina kila kimoja kwenye leya yake, yaani tabaka linalojitegemea ndani ya faili, kisha uvipange upya kila mara. Kwenye la wima, kwa mfano, kuna nafasi ya kumwonyesha fundi mzima akiwa amechuchumaa, na jina likakaa juu yake. Picha pana ya maktaba, ya 3840 kwa 1240, hairuhusiwi kuwa na maandishi, kwa kuwa jina hupakiwa kama faili lake lenye usuli wazi, unaoonyesha kilicho nyuma yake. Ukimlipa mchoraji akufanyie kazi hii, mpe ile sentensi ya kwanza pamoja na mchoro mdogo wa kijivu, na mkubaliane mapema kwamba atakukabidhi faili lenye leya zote, siyo JPG peke yake.

Tangu tarehe 1 Septemba 2022, Steam inataka jalada liwe na mchoro wa gemu, jina lake na jina dogo rasmi linalofuata jina kuu, kama lipo, basi. Nyota za wahakiki, majina ya tuzo na matangazo ya punguzo havikubaliki. Ukitoa sasisho kubwa, unaweza kuweka jalada la muda lenye kulitaja, kwa muda usiozidi mwezi mmoja.

Kwa itch.io, andaa picha ya 630 kwa 500, ambayo inaweza kuwa GIF, yaani picha inayotembea, hivyo spana inaweza kuzunguka kweli. Google Play inahitaji ikoni ya 512 kwa 512 na bango la 1024 kwa 500. Kwenye ikoni ondoa jina kabisa, ubakize injini na spana.

Sasa tujaribu. Piga picha ya skrini ya orodha ya gemu za uigaji dukani, ubandike jalada lako katikati ya mengine, na umwonyeshe mtu asiyeijua gemu yako kwa sekunde moja au mbili. Usimuulize kama imependeza, kwa sababu ndugu na marafiki watakuambia imependeza. Muulize: "Kwenye gemu hii unafanya kazi gani?" Akijibu kwamba anatengeneza pikipiki, pakia faili zako. Akisema ni gemu ya mashindano ya pikipiki, rudi kwenye hatua ya tatu, na kosa utalikuta kwenye mkono: ama ni mdogo, ama spana haijagusa nati.