Mkojo wa Rangi ya Chai: Nani Anaugua, Nani Anapimwa
(Mhadhara uliotolewa Tanga mjini)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Naanza na kijana mmoja wa mwambao huu wetu, jina lake nalihifadhi. Alikojoa damu akiwa na miaka 16. Kwao hakuna aliyeshangaa, maana huku kwetu mtoto akikojoa damu watu husema kichocho, na mara nyingi wanasema kweli. Akapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, damu ikakoma. Miezi ikapita, akaugua koo, na siku ya pili yake mkojo ukawa kama chai ya rangi. Akapewa prazikwanteli tena. Mara ya tatu hakwenda popote. Nilipomwona alikuwa na miaka 24, presha iko juu, figo zimesinyaa. Mama yake akaniuliza, "Daktari, kwani hatukumpeleka?" Nikamjibu, "Mlimpeleka, mama."

Damu ya kichocho cha mkojo kwa kawaida huonekana mwishoni, matone ya mwisho yakiwa mekundu, kwa sababu mayai ya minyoo yanachubua kibofu. Damu inayotoka kwenye vichujio vya figo huchanganyika na mkojo wote, ukawa wa kahawia. Ikija pamoja na maumivu ya koo, au siku moja mbili baada yake, lazima tufikirie ugonjwa wa figo uitwao IgA. Ikija wiki moja hadi tatu baada ya koo, au wiki kadhaa baada ya vidonda vya ngozi, hapo tunafikiria zaidi madhara ya bakteria wa streptokoka.

IgA ni kingamwili inayolinda milango ya mwili: pua, koo, utumbo. Imo katika mate na machozi, na imejaa kwenye dang'a ya mama aliyejifungua. Kwa baadhi ya watu sehemu ya IgA hutengenezwa ikiwa na kasoro, imepungukiwa sukari fulani. Mwili wenyewe huiona ngeni na kuitengenezea kingamwili nyingine. Zikishikamana hunasa kwenye vichujio vya figo na kuviwasha. Jean Berger na Nicole Hinglais waliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1968. Bila kunyofoa kinyama cha figo kwa sindano na kukitazama kwa hadubini maalumu, huwezi kuuthibitisha.

Sasa, vitabu vinasema ni ugonjwa wa kawaida sana Japani, China na Korea, wa wastani Ulaya, na nadra kwa Waafrika. Nimesoma hivyo chuoni, nikaamini, na nadhani ndivyo walivyoamini waliomtibu kijana yule.

Lakini Japani hupima mkojo wa watoto wa shule nchi nzima tangu miaka ya 1970. Mtoto hana homa, hana uvimbe, kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu, anafuatiliwa hadi kwenye sindano. Anayetafuta kwa bidii namna hiyo ataona mengi. Kwetu sindano ya figo ni ya hospitali chache kubwa, na mgonjwa hufika amechelewa. Figo zilizosinyaa kama za kijana yule hazichomwi tena, kwani hatari inazidi faida. Kwa hiyo ugonjwa wake haukupata jina. Sijui kama ulikuwa IgA. Hayumo kwenye hesabu ya wenye IgA, wala ya wasio nayo.

Msinielewe vibaya: tofauti ya kimwili ipo. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Natal, Afrika Kusini, waliwakuta Wahindi na ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko Waafrika wa huko huko. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa vinasaba vya hatari ni vichache Afrika, huongezeka Ulaya, na huzidi Asia Mashariki.

Ila neno "Mwafrika" ni pana mno. Mwaka 2010 yaligunduliwa mabadiliko ya jeni iitwayo APOL1, ambayo humkinga mtu na baadhi ya vimelea vya malale. Aliyerithi nakala mbili, kwa baba na kwa mama, yuko hatarini zaidi kupata magonjwa mengine ya figo. Yamejaa Afrika Magharibi na ni machache zaidi upande wetu wa mashariki. Basi ngozi ni ile ile, hatari ni mbali mbali. Na humu ukumbini tuna Mdigo, Msambaa, Mbondei, Mshihiri, Mhindi, na wajukuu waliochanganya damu zote hizo. Utamsomea nani kitabu kwa kumtazama uso?

Wauguzi wa zahanati mliokuja leo, ombi langu ni kwenu hasa. Kichocho kitibuni, msiache. Lakini kwenye kadi andikeni rangi ya mkojo, na koo liliuma lini. Mpimeni mtoto presha, hata kama ni mtoto. Mwezi mmoja au miwili baada ya dawa mwiteni, tumbukizeni kijiti tena. Kikionyesha damu au protini bado, msirudie prazikwanteli peke yake, mwandikieni rufaa. Protini ikigunduliwa mapema, dawa kama enalapril na losartan, ambazo mnazijua kwa wagonjwa wa presha, huipunguza na kuchelewesha figo kuharibika. Kijana yule alikuwa na miaka minane ya kuzitumia.