Spesi zinazojificha kwenye data, tuzitoe ndani ya R

Haya wadau karibuni, leo nipo hapa Kigoma na nina faili la dagaa na migebuka, karani wa mwaloni anajaza kwenye Excel kila siku mwalo gani umetoa kilo ngapi, sasa nimeliingiza kwenye R, ile programu ya takwimu, nikaliita d, nikaandika table(d$mwalo) ihesabu mistari ya kila jina kwenye safu ya mwalo, cheki hapo kwenye skrini, Kibirizi imetokea mara mbili! Moja ina mistari 41, nyingine 6. Kwa macho ni neno lilelile, ila ukitafuta wastani zile siku 6 zinahesabiwa kama mwalo mwingine kabisa, na hapo kazi yote ya karani imeharibika.

Usianze kufuta kitu. Andika kwanza unique(d$mwalo), R inakuletea majina yakiwa ndani ya alama za kunukuu, umeona? "Kibirizi" halafu "Kibirizi ", hii ya pili alama ya kufunga imesogea, hiyo ndo spesi yenyewe. Una wasiwasi bado? Piga nchar, inayohesabu herufi pamoja na spesi, Kibirizi ina herufi 8 na hiyo nyingine itakwambia 9.

Sasa dawa. Kama faili ni CSV, yaani data iliyotenganishwa kwa koma, ingiza hivi, strip.white inakata spesi za pembeni:

d <- read.csv("dagaa.csv", strip.white = TRUE)

TRUE herufi kubwa zote jamani. Ila strip.white haigusi maneno ambayo kwenye faili yamefungwa na alama za kunukuu, kwa hiyo mi hata nikishaiweka bado naongeza d$mwalo <- trimws(d$mwalo). Ukisoma Excel moja kwa moja kwa read_excel ya kifurushi cha readxl, yenyewe inakata spesi za pembeni bila kuambiwa.

Kuna watu wanafuta spesi zote kwa gsub, nawaomba sana msifanye hivyo, Kigoma Mjini itageuka KigomaMjini. Kama katikati zimerudiwa mbili mbili tumia str_squish ya kifurushi cha stringr, inabakiza moja.

Umefanya yote na nchar bado inasema 9? Hiyo ni ile spesi isiyokatika (non-breaking space), inafanana na spesi ya kawaida ila kwa kompyuta ni alama nyingine, mara nyingi inakuja mtu akikopi maneno kutoka mtandaoni, na trimws ya kawaida haiioni, mimi ilishanimalizia siku nzima. Andika hivi, mikwaju ya kurudi nyuma (\) iwe miwili miwili:

d$mwalo <- trimws(d$mwalo, whitespace = "[\\h\\v]")

Haya rudia table(d$mwalo). Kibirizi moja, mistari 47.